Kizazi cha Shaba

Shaba hakuwa mbwa wa kuleta kitu hai nyumbani. Alichokikamata alikivunja shingo papo hapo, akakilaza miguuni pa Mugo, mwenye mbwa, kisha akaketi kando akihema na kutazama kwingine, ungedhani si yeye aliyefanya. Ndiyo maana Jumapili ile jioni, Gathoni, mkewe Mugo, alipomwona akiingia langoni na sungura mdogo mdomoni, sungura ambaye masikio yake bado yalikuwa yanachezacheza, aliachia debe la maji ya kuku likamwagika lote.

Alikuwa sungura wa nyikani, mchanga, asiyejaza kiganja. Shaba alimpita Gathoni bila kumtazama, akaingia kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba ya kuku, akamweka yule sungura juu ya gunia na kuanza kumlamba. Alimlamba polepole, kuanzia kichwani. Kisha akalala ubavu, na Gathoni aliyekuwa amechungulia mlangoni akaona matiti yamejaa na maziwa yanadondoka kwenye gunia. Shaba hakuwa na mimba. Hakuwahi kuzaa maishani mwake.

Gathoni alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mabati. Mikono yake miwili ilikuwa imejikunja kifuani bila yeye kuiambia.

"Baba Jackie," aliita. "Kuja uone mbwa yako."

Mugo alikuja akifuta viatu vumbi la nyikani, akachungulia kibandani. Kisha akasema, "Mwache tu," na akaenda zake kuoga.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima wa miaka hamsini na ushei alikosa usingizi kwa sababu ya mbwa kunyonyesha sungura, lazima amjue Gathoni alikotoka. Kwao Murang'a walimwita Gathoni wa Mwihaki, kwa jina la mama, kwa kuwa baba hakuwepo wa kutajwa. Mwihaki alimzaa huyo mmoja tu. Akampa jina la mama yake mwenyewe, na kama ilivyo desturi, tangu siku hiyo hakumwita binti yake Gathoni. Alimwita Maitu, yaani mama yangu. Mtoto wa miaka mitatu anachapwa kwa kumwaga uji huku anaitwa mama. Watu wa kwingine hucheka wakisimuliwa, lakini Wakikuyu hawaoni ajabu yoyote. Kwao mtu aliyekufa hana haja ya kurudi kwa ndoto wala kwa shuka jeupe. Anarudi kwa jina, na akisharudi ni wa kulishwa, kufuliwa nguo, na kuzabwa kofi ikibidi.

Lakini majina yana foleni yake. Binti wa kwanza ni wa mama mzaa mume, wa pili ndiye wa mama mzaa mke. Jackie, mtoto wa kwanza wa Gathoni, alichukua jina la mama yake Mugo, ikawa sawa. Mimba ya pili ilikuja Mwihaki akiwa amekwisha kuzikwa, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani yumo tumboni. Gathoni mwenyewe alikuwa akijizoeza njiani kuelekea sokoni, akilitamka lile neno kwa sauti ya chini, Maitu, ajue litakavyokaa mdomoni siku atakapomwita mwanawe. Wakati huo walikuwa wamepanga chumba kimoja Kitengela, pundamilia bado wakipita nyuma ya vyoo.

Uchungu ulimshika vibaya. Alivuja damu hadi akapoteza fahamu, na alipoamka muuguzi alimwambia mtoto alikuwa wa kike, hakupumua, na kwamba imebidi kizazi kitolewe, mume amekubali. Alitumia neno hilo, kizazi. Nasikia kuna lugha zenye neno moja la mfuko na neno jingine la watu wanaotoka ndani yake. Kiswahili kimeviweka vyote pamoja, na Gathoni, akiwa bado na dawa kichwani, hakuelewa kama wamemtoa kiungo cha mwili au wamemtoa mama yake na wote ambao wangemfuata nyuma.

Maziwa yalikuja hata hivyo. Hakuna aliyekuwa ameyaambia. Aliyakamua kwenye sinki ya wodi, akifungulia bomba ili asisikike akilia, kisha akajifunga kifua kwa shuka. Alipomuuliza Mugo mtoto yuko wapi, Mugo alisema mambo yameshughulikiwa, na yeye akaelewa kwamba ni hospitali iliyoshughulika. Hakuuliza tena, na mumewe hakusema tena. Watu wawili wanaweza kulea binti, kununua ploti upande wa Isinya, kujenga, kufuga kuku na kuota mvi pamoja, huku wamekalia jambo moja na hakuna anayenyanyuka kulifunua.

Alichokifunika Gathoni kilikuwa na sauti. Si kila siku. Ilikuja jua likielekea kuzama, upepo ukitoka nyikani, wakati kuku wanapanda kulala. Mtu alisimama nje ya lango na kuita Maitu, mara moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja lakini hana hasira. Gathoni ni mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha chama cha akina mama, na hangeweza kumweleza mchungaji jambo kama hilo akabaki na heshima yake. Alichofanya ni kuhakikisha lango halifungwi mpaka aseme yeye. Aliogopa, ndiyo. Lakini aliogopa zaidi kwamba siku moja mwenye kuita angekata tamaa na kwenda.

Sasa huyu hapa Shaba, maziwa yanamtoka bila mtoto.

Daktari Wilkister alikuja katikati ya wiki hiyo kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Ni daktari wa mifugo mwenye kliniki ndogo Kitengela, mama wa maneno machache na mikono mikubwa. Alipomaliza kuku, Gathoni akampeleka kibandani. Shaba alitoa meno, akamfunika sungura wake kwa shingo.

"Hii ni mimba ya uongo, Mama Jackie," Wilkister alisema akichuchumaa kwa mbali. "Alikuwa kwa joto, ikapita, mwili ikadhani imeshika. Saa hii anaona ako na mtoto wake. Itakuwa ikirudi kila mara akitoka joto, na iko siku usaha inaweza jaa huko ndani. Maziwa ikikauka, mimi ningesema tutoe kizazi. Halafu yote itaisha."

"Yote gani?"

"Hii kubeba watoto ya wengine. Hii kulialia."

Gathoni alitafuta mahali pa kukaa, akapata ndoo. "Na yeye ataulizwa na nani?" alisema.

Wilkister alianza kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Huwa tunauliza mwenye mbwa, mama."

Mwenye mbwa alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya kuku na trei ya mayai mikononi. "Hakuna kukatwa," Mugo alisema. Hakupandisha sauti. Alipita katikati yao na trei yake, na Gathoni akamtazama mgongo mpaka akaingia jikoni.

Shaba alitoka kwa Sankale, mfugaji ambaye boma lake liko ng'ambo ya nyika, rafiki wa Mugo tangu siku za chumba cha kupanga. Mbwa wa ukoo ule walikuwa wembamba, wa miguu mirefu, rangi ya shaba iliyosuguliwa, na baba yake Sankale ndiye aliyewaanzisha. Kazi yao ilikuwa kufukuza mbweha na kumnusa fisi aliyeua kondoo hadi pangoni kwake. Mugo naye alimfundisha Shaba sungura. Sheria ya wanyama wa porini hairuhusu, kwa hiyo Mugo na Sankale hawakuwinda kamwe. Kila Jumapili baada ya kanisa, kwa maneno yao, walikuwa wanatembeza mbwa. Sankale, ambaye hali nyama ya porini hata kwa dawa, alimcheka Mugo kwamba Wakikuyu wakinyimwa nyama watakula kivuli chake. Gathoni alimcheka kwa jingine: kwa mtu mwenye mbwa mkali namna ile, Mugo alirudi mikono mitupu mara nyingi mno. Alimwambia sungura wa Isinya wameshajua ratiba yake.

Sankale alifika kesho yake. Mugo alikuwa amemwambia.

"Takwenya, Mama Jackie."

"Iko," Gathoni aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai, akamwekea kiti na chai.

Alikunywa nusu kikombe kabla ya kufungua mdomo. "Nimesikia daktari anataka kufunga Shaba kizazi. Mimi siwezi kukuambia ufanye nini na mbwa ya kwako. Lakini unajua hii ndio imebaki. Mama yake, ndugu zake, wote walikula ile nyama ya sumu watu waliwekea fisi. Sina ingine. Nipatie kizazi moja tu, mama. Watoto wakishatoka, fanya vile daktari amesema."

"Kizazi moja," Gathoni alirudia.

"Moja tu. Na pia, ukitoa hiyo kitu hatakimbia tena. Atalala kwa jua anenepe kama paka ya hoteli."

"Daktari anasema hiyo ni uongo."

"Daktari hajawahi kimbia na mbwa," Sankale alisema, na Mugo akatabasamu ndani ya kikombe chake. Gathoni aliwatazama wanaume wale wawili, wamekaa jikoni kwake wakikitetea kizazi cha mbwa kwa upole kiasi kile, na hasira ikampanda.

Aliizuia mpaka Sankale akatoka. Alikuwa anamenya waru, viazi vya chakula cha jioni. "Yangu walikuuliza," alisema bila kuinua macho. "Walikuuliza ukasema watoe. Ya mbwa ndio unaonea huruma."

Mugo aliweka kikombe mezani. Uso wake ulikuwa umepauka. Alichukua kofia na kutoka nje. Gathoni alisikia raha, maana neno hilo lilikuwa limekaa rohoni miaka na mikaka. Raha yenyewe haikudumu hata waru kuisha. Alibaki na kisu mkononi, akijiona amempiga mtu asiyejikinga.

Sungura alikufa. Maziwa ya mbwa hayakumfaa, au labda alikuwa ameshaumia mdomoni mwa Shaba tangu mwanzo. Shaba hakukubali. Alimbeba akizunguka naye uani, akamlaza, akamlamba, akamsukuma kwa pua kwenye titi, akangoja, akamsukuma tena. Harufu ilipoanza, Gathoni alijaribu kumchukua na mbwa akamngurumia, yeye aliyemlisha tangu akiwa hajafungua macho. Gathoni aliingia ndani akafunga mlango na kujibana masikio, kwa sababu kile kilio chembamba cha Shaba alikuwa akikijua. Aliwahi kukitoa yeye kwenye sinki ya wodi.

Jumamosi asubuhi Mugo alikwenda kuketi sakafuni mwa kibanda. Alizungumza na Shaba kwa sauti ambayo Gathoni, aliyekuwa anafagia karibu, hakuweza kusikia maneno yake. Ilichukua muda. Mwishowe Shaba alilegeza taya, akageuza kichwa ukutani, na Mugo akatoka na yule sungura mikononi.

Gathoni alimfuata nyuma ya nyumba ya kuku, kwa mbali. Alimwona akitandaza kipande cha taulo kuukuu chini, akamlaza sungura katikati. Alikunja pembe ya chini kwanza, akaleta ya kushoto, akaleta ya kulia, na ya kichwani akaiacha mpaka mwisho, akaitazama kidogo, kisha akafunika. Mnyama aliyekufa hatupwi shimoni namna hiyo. Hivyo ndivyo mtoto anavyofungwa. Kisha akachimba, akapita kina cha sungura, akaendelea.

"Umejulia wapi kufunga hivyo?" Gathoni alimwuliza.

Mugo hakugeuka. "Walinipatia akiwa amefungwa vibaya. Nikamfunga upya."

"Nani?"

Alijua nani. Aliuliza ili apate muda.

"Mwihaki," Mugo alisema.

Gathoni alikaa chini pale pale, juu ya mbolea ya kuku. Mumewe aliendelea kuongea akiwa amempa mgongo, jembe mkononi, maana angegeuka asingeweza. Hospitali walitaka kumzika mtoto wenyewe, Mugo akakataa. Hawakuwa na hata futi moja ya ardhi ya kumzikia. Akampeleka kwa Sankale kwa pikipiki, amembeba ndani ya koti, na Sankale akamwonyesha pembe ya shamba lake akachimba naye. Mtoto ambaye hakupumua hapewi jina. Mugo alilijua hilo kama anavyolijua kila Mkikuyu. "Lakini Sankale aliniuliza tunaweka nani. Ningesema nini? Tunaweka kitu? Nilisema Mwihaki."

"Na ukaninyamazia miaka hii yote."

"Ningekuambia aje, Gathoni? Kwamba mama yako amezaliwa, na nimemzika saa hiyo hiyo?"

Kuku walikuwa wanapiga kelele wakidai chakula. Hakuna aliyekwenda.

"Kila Jumapili?" Gathoni aliuliza baadaye.

"Si kila Jumapili. Nyingi. Sungura tulikuwa tunapata tukirudi, kama tumepata." Alianza kurudisha udongo kwa mguu. "Daktari aliniuliza, mama ama kizazi. Nikasema toeni. Nilisema mbio, hata hakuwa amemaliza kuuliza. Hiyo ndio huniamsha. Ningengoja kidogo tu, pengine ningekumbuka mama yako bado hajaitwa, pengine ningeuliza kama kuna njia ingine. Sikungoja. Hiyo neno siwezi kusema tena. Hata kwa mbwa."

Kesho yake hawakwenda kanisani. Walivuka nyika kwa miguu, Shaba mbele yao, na Sankale akawakuta njiani bila kuuliza kitu. Nyika yenyewe siku hizi si nyika tena. Ni mawe ya mipaka, nyaya, na mabango ya kuuza ploti. Sankale mwenyewe ameuza kipande baada ya kipande, na watu wa Isinya wamechoka kumuuliza kwa nini pembe ile moja, yenye mawe na ambayo hata mbuzi hawaitaki, haitoi kwa yeyote. Shaba aliwatangulia, akapita matawi ya miiba yaliyozungushiwa, akalala kando ya rundo la mawe na kuweka kidevu chini. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Ameshapazoea kuliko Gathoni.

Gathoni alisimama. Alikuwa amedhani atalia, na machozi hayakuja. Alichosikia ni hofu. Akigeuka, mabati ya nyumba yake yalionekana ng'ambo, yakimeta, na kati ya hapa na pale hakukuwa na kitu isipokuwa upepo. Miaka yote hiyo alikuwa ameacha lango wazi kwa mtu anayengoja kuingia duniani. Kumbe mwenye kuita alikuwa ameshaingia na ameshatoka, na yeye, mama yake, hakuwepo kumpokea wala kumsindikiza.

"Mwihaki," alisema.

Sankale aligeuza uso upande mwingine. "Pole, mama," alisema. "Kwetu jina ya mtu ameenda tunaacha ipumzike. Ndio maana mimi sikukuambia. Sikuwa nakuficha. Hata bwana yako sijawahi tajia hiyo jina tena, nasema tu yule mdogo."

"Kwetu ikiachwa inapotea."

"Sasa umesema. Haijapotea."

Alitaka kusema lile jingine pia, Maitu, alilojizoeza zamani njiani kwenda sokoni. Alilitafuta mdomoni akalipata, lakini lilikataa kutoka mbele ya wanaume. Akamtazama Shaba, tumbo lake bado limelegea kwa maziwa yaliyokuwa yanakauka, na akajua anataka nini. Hakutaka yeyote tena akatwe akiwa amelala. Mbwa huyu angezaa. Angepata watoto wa kweli wa kumnyonya, wanaopumua, wa rangi ya shaba.

"Baba Resian," alimwambia Sankale, "joto ijayo lete dume unayotaka. Utapata watoto wako."

"Ashe oleng," Sankale alisema, na akamshukuru tena kwa Kiswahili, na mara ya tatu wakiwa wameshaagana. Gathoni alirudi nyumbani akiwa mwepesi kidogo. Alimwambia Mugo njiani kwamba tumezoea kusema mbwa hana akili, lakini huyu atajua ameulizwa. Mugo hakubishana naye.

Maziwa yalikauka. Shaba akaacha kulia, akaanza kunywa maji. Mwanzoni Gathoni alifurahi. Kisha akaona mbwa anamaliza chombo chake, anakwenda kumaliza cha kuku, anarudi kulamba bomba. Chakula alikinusa akakiacha. Tumbo lilijaa ilhali mbavu zinaonekana. Asubuhi moja hakuamka, na kwenye gunia chini ya mkia wake kulikuwa na kitu cha manjano chenye damu. Gathoni aliinama tu, harufu ikamrudisha wodini.

Jirani aliwapa pikapu. Walimlaza Shaba nyuma juu ya blanketi, Gathoni akipanda naye huko huko, na vumbi lote la barabara ya Kitengela likamwingia machoni. Mugo ndiye aliyeendesha.

Wilkister alimgusa tumbo mara moja, akapima joto, akatikisa kichwa. "Imejaa usaha. Nilisema, lakini tuachane na hiyo. Sikizeni. Naweza jaribu dawa, nioshe kizazi, na labda joto ijayo ashike mimba. Labda. Lakini inaweza pasuka leo usiku akiwa kwenu, na mkileta kesho sitamsaidia. Ama nitoe saa hii..."

Mugo alikuwa anaangalia bango la ng'ombe wa maziwa ukutani. Midomo yake ilikuwa inasogea. Aligeuka akatoka nje, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

"Toa," Gathoni alisema.

Wilkister alimtazama. "Sijamaliza kueleza, mama."

"Toa. Toa sasa. Asife."

Daktari alikwisha kugeuka kutafuta sindano. Gathoni aliweka kiganja juu ya kichwa cha Shaba, kilichokuwa cha moto kupita kiasi, na macho ya mbwa yakamtafuta, yakampata, yakabaki pale mpaka dawa ikayafunga. Hakumuuliza kitu. Hakukuwa na kitu cha kumuuliza, wala mtu wa kujibu. Alikuwepo yeye, na mwili wa moto mezani, na neno moja.

Mlangoni ndipo alipomkumbuka Sankale. Alisimama na mkono kwenye kitasa. Mbwa wa baba yake Sankale, wale wembamba wa miguu mirefu, walikuwa wanaishia hapo ndani, juu ya meza ile, na yeye aliyemwahidi mbele ya kaburi la mwanawe hakumfikiria hata kidogo. Hakuwa amefikiria ahadi, wala kondoo wa mtu, wala kizazi cha yeyote. Alikuwa amemwona mmoja tu, huyu anayepumua.

Mugo alikuwa kwenye benchi la nje, viwiko magotini. Gathoni aliketi kando yake.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Nimesema atoe."

Mugo alitikisa kichwa polepole. "Ulifikiria kwanza?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kulaumu; alikuwa anaomba kujua.

"Sikufikiria," Gathoni alisema. "Hakuwa hata amemaliza kuuliza."

Mumewe alijifunika uso kwa mikono. Katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake mwenyewe, na sasa alilia pale benchini, watu wakipita na ndama na magunia ya chakula cha kuku, mabega yakimtikisika. Gathoni alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana. Hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo hadi daktari alipofungua mlango kuwaita.